Zabuni za huduma kwa wanaowatunza wazee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu: maafisa wa serikali za mitaa wanaoandaa zabuni, vikundi na mashirika yanayotaka kuziomba, na familia zinazojiuliza kwa nini huduma iliyokuwapo mwaka jana mwaka huu haipo. Nimekaa pande zote mbili za meza. Nimeandika zabuni, baadaye nikaziomba, na nyumbani nilimuuguza mama kwa miaka minne. Ninakosimama sipafichi: mkataba usiomtaja mtunzaji kama mtu mwenye mahitaji yake mwenyewe humhudumia mzee tu, na mtunzaji anabaki palepale alipokuwa.

Mtunzaji anayetajwa kwenye mikataba hii ni nani hasa?

Ni yule asiyelipwa. Binti, mke, mume, mkwe, mjukuu, wakati mwingine jirani. Mhudumu aliyeajiriwa na kulipwa mshahara ni mtu mwingine kabisa, na nyaraka nyingi za zabuni huharibika hapa kwa kuwaita wote wawili jina moja. Ukurasa wa tatu unazungumzia mafunzo kwa watunzaji ukimaanisha wafanyakazi. Ukurasa wa saba unazungumzia watunzaji ukimaanisha familia. Mzabuni akijibu swali moja kwa kufikiria lile jingine, kosa si lake.

Fafanua kwa maneno yanayopimika. Marekani, mpango wa kitaifa wa kusaidia familia zinazotunza wazee ulioanzishwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Wazee ya 1965 unamtambua mtu mzima anayemtunza mtu wa miaka 60 au zaidi, au mtu wa umri wowote mwenye ugonjwa wa Alzheimer au maradhi yanayofanana nao. Unawatambua pia mababu, mabibi na ndugu wengine wa miaka 55 na kuendelea wanaolea watoto wa jamaa zao. Unaweza usikubaliane na mipaka hiyo, lakini angalau kila mtu anajua yuko ndani au nje.

Jambo moja zaidi. Watu wengi wanaotunza wazee hawajiiti watunzaji. Ukimuuliza, atakwambia, "Namwangalia mama tu." Kwa hiyo fomu ya usajili isiulize, "Je, wewe ni mtunzaji?" Iulize nani huamka usiku, nani hupanga dawa, nani amepunguza au kuacha kazi. Majina yatajitokeza yenyewe.

Kumtunza mzee si wajibu wa familia? Serikali ya mtaa inaingiaje?

Familia haijaacha wajibu wake. Inaubeba kila siku, na ndiyo maana inachoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kufikia 2030 mtu mmoja kati ya sita duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi. Wengi wao watatunzwa na ndugu, si na taasisi. Mtunzaji akianguka, mzee anaishia hospitalini au kwenye makao, na gharama inayoiangukia serikali ni kubwa kuliko saa chache za kumpumzisha yule aliyekuwa akimtunza.

Nchi kadhaa zimelitia jambo hili kwenye sheria na kulikabidhi kwa mamlaka za mitaa. Japani ilianza bima ya utunzaji mwaka 2000, manispaa zikiwa ndizo zinazoiendesha, na wakazi huanza kuichangia wakifika miaka 40. Uswidi tangu 2009 inazitaka manispaa zitoe msaada kwa wanaowatunza jamaa zao. Uingereza, kwa upande wa England, Sheria ya Utunzaji ya 2014 inampa mtunzaji haki ya kutathminiwa mahitaji yake mwenyewe, hata kama mzee anayemtunza amekataa kutathminiwa. Hilo la mwisho nalipenda sana, kwa sababu linamtenganisha mtunzaji na mgonjwa wake, na mkataba mzuri hufanya hivyohivyo.

Huduma zipi hununuliwa?

Mgawanyo wa Marekani una mafungu matano: taarifa kuhusu huduma zilizopo; msaada wa kuzifikia; ushauri nasaha, vikundi vya kusaidiana na mafunzo; huduma ya mapumziko; na vitu vya nyongeza, mfano vishikio vya bafuni, kiti cha magurudumu au nepi za watu wazima.

Ukiwauliza watunzaji wenyewe wanataka nini, wengi watataja la nne. Huduma ya mapumziko maana yake mtu mwingine anakupokea zamu kwa saa, siku au usiku uliopangwa, nyumbani kwako au kwenye kituo cha kutwa. Ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kupunguzwa bajeti ikibana. Nimeona mikataba iliyojaa semina na vipeperushi kwa sababu semina ni rahisi kuhesabu na rahisi kupiga picha. Mtunzaji hana wa kumwachia mzee ili aende kwenye hiyo semina. Ukinunua mafunzo, nunua pamoja nayo mtu wa kukaa na mzee wakati mafunzo yakiendelea, na uiandike kwenye zabuni kama sharti.

Mafunzo yenyewe yawe ya mikono: kumgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda vya kulalia, kumhamisha kutoka kitandani hadi kitini bila kuumiza mgongo wako, kumlisha mtu aliyepata kiharusi bila kumpalia, kuzungumza na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau anapokataa kuoga. Mada kama "umuhimu wa kuwaheshimu wazee" haimfundishi kitu mtu anayemsafisha mama yake saa tisa usiku.

Kwa nini serikali isiajiri watumishi wake badala ya kutoa zabuni?

Inaweza, na mahali pengine ndivyo inavyofanya. Zabuni ina maana pale ambapo vikundi vya jamii tayari vinaingia kwenye nyumba hizo, vinajua lugha za humo na vinaaminika. Kama hakuna vikundi vya namna hiyo, zabuni haitaviumba.

Mkataba na ruzuku vinatofautianaje?

Kwa mkataba wa huduma, serikali inanunua kitu kilichotajwa kwa bei iliyokubaliwa: saa elfu mbili za mapumziko, vipindi arobaini vya ushauri. Kwa ruzuku, shirika linapewa fedha liendeshe sehemu ya mpango wa umma, likiamua lenyewe nani anastahili, na linabeba masharti yote ya fedha hizo. Jina lililoandikwa juu ya hati si hoja. Uhusiano wenyewe ndio unaoamua. Kanuni za fedha za serikali kuu ya Marekani zinasema hivyo waziwazi, na mkaguzi atauliza hivyo popote ulipo. Ukiwa huna hakika, angalia nani anaamua kama familia fulani inastahili huduma. Ukiwa ni wewe, kuna uwezekano mkubwa una ruzuku mkononi, hata kama karatasi inasema mkataba.

Tangazo la zabuni lina kurasa themanini. Nianzie wapi?

Anzia nyuma. Soma viambatisho, kisha vigezo vya tathmini, kisha sehemu ya malipo, halafu ndipo urudi kwenye maelezo ya huduma. Vigezo vinakuonyesha alama ziko wapi, na sehemu ya malipo inakuonyesha kama utaweza kuishi. Tafuta mambo haya: kipimo cha huduma ni nini (saa, ziara, mtu, mwezi), malipo hutolewa baada ya siku ngapi, eneo la huduma ni lipi, na nani analeta majina ya familia. Hilo la mwisho linasahaulika mno. Kama ni wewe unayepaswa kuwatafuta, kazi hiyo ina gharama, na lazima iwemo kwenye bei yako.

Uliza maswali kwa maandishi kabla ya tarehe iliyowekwa. Majibu hupelekwa kwa wazabuni wote, kwa hiyo usihofu kuonekana hujui. Afisa manunuzi anayepokea maswali mazuri hurekebisha nyaraka, nami nimeshawahi kurekebisha zangu kwa sababu ya kikundi kimoja kilichouliza mhudumu ataingiaje nyumbani kwa mzee anayeishi ghorofa ya nne asiyeweza kushuka kufungua mlango.

Bei ya saa moja ya mapumziko inapangwaje?

Hapa ndipo vikundi vingi vizuri hufa. Wanachukua mshahara wa mhudumu kwa saa, wanaongeza kidogo juu, wanashinda zabuni, na baada ya miezi sita hawawezi kulipa mishahara.

Chukua mhudumu unayemlipa saa nane kwa siku. Saa moja na nusu anasafiri kati ya nyumba na nyumba. Nusu saa anaandika taarifa. Kwa wastani saa moja inapotea kwa sababu familia imeahirisha, mzee amepelekwa hospitali, au mlango haufunguliwi. Zimebaki saa tano unazoweza kuzidai. Gawanya nane kwa tano, unapata 1.6. Yaani kabla hujaongeza kitu kingine chochote, saa moja unayoidai lazima ibebe mshahara wa saa moja na dakika thelathini na sita. Juu ya hapo weka mafunzo, msimamizi, bima, simu, likizo, na mtu wa akiba wa kwenda mhudumu akiugua. Usiku na siku za sikukuu zina bei yake. Ukiweka bei moja kwa saa zote, utajikuta una wahudumu wa mchana peke yake, wakati watunzaji wengi huvunjika usiku.

Gharama za ofisi nazo ni halali. Kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, shirika lisilo na kiwango cha gharama hizo kilichokubaliwa na serikali liliruhusiwa kudai asilimia 10. Tangu Oktoba 2024 kiwango hicho kimepandishwa hadi 15. Walioandika kanuni wamekubali kwamba huduma haiendeshwi bila mtu wa kulipa mishahara na kufunga hesabu.

Na kwa upande wa serikali: weka kwenye mkataba kifungu cha ziara iliyoahirishwa ghafla. Mhudumu aliyefika mlangoni amefanya kazi. Kumlipa sehemu ya saa ni haki, na kunamzuia mtoa huduma asizikimbie familia zenye hali zinazobadilikabadilika, ambazo ndizo zenye shida zaidi.

Kwa nini aliyetaja bei ya chini asishinde?

Kwa sababu unachonunua ni uaminifu wa mtu anayeingia chumbani kwa mzee asiyeweza kujitetea. Bei ya chini kwenye huduma hii karibu kila mara hutoka mfukoni mwa mhudumu, naye akipata kazi nyingine anaondoka. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aliyeletewa nyuso sita mpya kwa mwezi mmoja atakuwa na hofu, na mtunzaji atakata huduma mwenyewe.

England imeibadili lugha yake ya manunuzi. Chini ya Sheria ya Manunuzi ya 2023, iliyoanza kutumika tarehe 24 Februari 2025, mshindi ni mwenye zabuni yenye manufaa zaidi, na neno "kiuchumi" lililokuwamo kwenye kanuni za zamani limeondolewa. Popote ulipo, toa alama kwa wahudumu kudumu kazini, kwa namna familia mpya inavyolinganishwa na mhudumu, na kwa kinachotokea mhudumu asipofika. Na waweke watunzaji wawili kwenye kamati ya tathmini, uwalipe muda wao, na uwatafutie wa kukaa na wazee wao siku hiyo.

Kikundi chetu ni kidogo. Tunaweza kuomba?

Mnaweza, ila kikwazo chenu hakitakuwa ubora, kitakuwa fedha za mzunguko. Mikataba mingi hulipa baada ya huduma, ankara ikikaguliwa. Kama mishahara ni kila mwisho wa mwezi na ankara inalipwa baada ya siku sitini, mnahitaji akiba ya miezi mitatu. Ombeni malipo ya awali, au ingieni kama mtoa huduma chini ya shirika kubwa, na makubaliano yenu nalo yaandikwe kabla ya zabuni kuwasilishwa, siyo baada ya ushindi.

Maafisa, gaweni zabuni kwenye mafungu ya eneo au ya huduma. Kikundi cha watu kumi na wawili hakiwezi kuhudumia wilaya nzima, lakini mitaa mitano kinaweza kuihudumia kuliko yeyote.

Tunaambiwa tuchangie asilimia fulani. Tutaitoa wapi?

Mchango si lazima uwe fedha taslimu. Katika mpango wa Marekani, serikali kuu hutoa hadi asilimia 75 na robo inayobaki hutoka kwingine, ikiwemo thamani ya saa za kujitolea na ukumbi uliotolewa bure. Kinachotakiwa ni kumbukumbu: nani, tarehe gani, saa ngapi, sahihi. Anzeni kuandika siku ya kwanza, kwa sababu saa za kujitolea zilizokumbukwa mwishoni mwa mwaka mkaguzi hazikubali.

Tutajuaje kama huduma imemsaidia mtunzaji?

Muulizeni yeye, mwanzoni na tena baada ya miezi kadhaa. Kipimo cha Zarit kinatumika sana: maswali 22 kuhusu mzigo wa kutunza, kila jibu kuanzia 0 hadi 4, jumla ya juu 88. Msikichukue kama mtihani. Mzee anapozidi kuugua, alama ya mtunzaji kubaki palepale ni mafanikio makubwa, na mkataba unaodai alama zishuke kwa kila mtu unamwadhibu mtoa huduma anayehudumia familia ngumu.

Mimi huongeza swali moja ambalo halimo kwenye kipimo hicho: wiki iliyopita ulilala saa ngapi bila kuamshwa?

Familia imeandikishwa lakini inakataa mgeni nyumbani. Tufanyeje?

Msiifute jina. Mama mmoja aliyekuwa akimtunza mumewe alikubali huduma baada ya kutembelewa mara tatu. Siku ya kwanza mhudumu alipokaa na mzee, yule mama hakutoka. Alisimama mlangoni mwa chumba, kanga begani, kwa karibu saa nzima, akisema, "Kikombe hicho sicho, anatumia cha bluu." Siku ya pili alikaa sebuleni mlango ukiwa wazi. Siku ya tatu alilala kwenye kochi, na mhudumu alipomaliza muda wake akaogopa kumwamsha. Kwenye karatasi, ziara mbili za kwanza zilionekana kama saa zilizopotea, na msimamizi alitaka kuzikataa. Bila hizo mbili, ya tatu isingekuwapo. Andikeni kwenye mkataba ziara za kuzoeana, na mzilipie kama saa nyingine.

Usalama na siri za nyumbani zinalindwaje?

Mhudumu achunguzwe rekodi yake kabla hajaingia nyumba yoyote, asishike fedha wala kadi za benki za mzee, na funguo ziandikwe zinapopokelewa na zinaporudishwa. Mkataba useme wazi mhudumu anaruhusiwa kufanya nini kuhusu dawa: kukumbusha ni tofauti na kutoa, na kuchoma sindano ni kazi ya muuguzi. Akiona michubuko au dalili za kunyanyaswa, ajue leo hii anampigia nani. Mara nyingine anayenyanyasa ni mtunzaji aliyechoka kupita kiasi. Taarifa lazima itolewe, na huohuo uwe mwanzo wa kumwongezea msaada.

Mtunzaji mwenyewe anaweza kulipwa?

Inategemea sheria ya mahali. Bima ya utunzaji ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1995, humruhusu anayehitaji kutunzwa kuchagua fedha badala ya wahudumu, naye anaweza kumpa ndugu anayemtunza. Tena, mtunzaji anayefikisha saa kumi kwa wiki, zikigawanywa angalau kwa siku mbili, anaweza kuchangiwa pensheni, ilimradi mzee amefikia daraja la mahitaji linalotakiwa. Mahali pengine kuna vocha: familia inachagua nani wa kuipumzisha na serikali inalipa. Napendelea vocha ziwepo pamoja na watoa huduma wa mkataba, kwa sababu familia iliyochoka sana haina nguvu ya kutafuta mtu, kumhoji na kumsimamia.

Mkataba ukiisha au mtoa huduma akibadilika, familia zinakwenda wapi?

Jibu liwe limeandikwa kabla ya mkataba kusainiwa. Angalau miezi miwili ya makabidhiano, orodha ya familia ikabidhiwe kwa ridhaa yao, na mhudumu wa zamani aende na wa mpya angalau mara moja kwa kila nyumba. Barua ya kuwaarifu itoke kwa serikali na iwe na jina na simu ya mtu wa kuuliza. Familia isipate habari kwa mhudumu kutofika Jumatatu.

Mzee akifariki, huduma inakoma siku hiyohiyo?

Kwenye mikataba mingi niliyosoma, ndiyo. Anayestahili huduma ameandikwa kuwa ni mzee, kwa hiyo jina likifutwa, faili linafungwa. Mtunzaji aliyeacha kazi miaka mitano, aliyepoteza marafiki, anayeamka saa tisa usiku kwa mazoea na kukuta hakuna wa kugeuzwa, siku hiyo hana mahali kwenye mfumo wowote.

Rekebisho lake ni kifungu kifupi: mtunzaji anaendelea kustahili ushauri, kikundi cha kusaidiana na msaada wa kutafuta kazi kwa miezi kadhaa baada ya msiba. Sita ingefaa. Kama bajeti hairuhusu sita, anza na miwili. Na panga nani atakwenda kuchukua vifaa. Mama alipofariki, gari lilikuja siku ya nne kuchukua kitanda na kiti cha magurudumu. Dereva alikuwa na fomu ya kusainiwa na hakujua lolote kutuhusu. Zabuni niliyoiandika baadaye ilisema vifaa vifuatwe baada ya wiki mbili, na aendaye awe ni yule mhudumu aliyeizoea nyumba hiyo, akiwa na saa nzima iliyolipiwa ya kukaa kwanza.